Kuwasha databesi kila mtu anaweza, tufundisheni na kuizima

Mhariri,

Salamu kwenu wote hapo chumba cha habari. Naandika kuhusu safu yenu ya teknolojia, ile iliyowaelekeza vijana namna ya kuweka databesi ya PostgreSQL kwenye seva na kuiwasha kwa komandi tupu bila kugusa mausi. Kwa sehemu kubwa ilikuwa nzuri na nimewapelekea jamaa kadhaa wanaojifunza hii kazi, ila kule mwishoni mwandishi wenu kachomeka kasentensi kamoja kwamba databesi ikigoma kuzima basi iue kwa kill -9, komandi ya kuiua programu kwa nguvu papo hapo, halafu iwashe tena, akaaga wasomaji akaondoka zake. Hapo ndo sikubaliani naye kabisa na nimeona nisinyamaze, maana watu wakisoma makala kama zile maelezo wanayaruka, wanachokopi ni komandi, na hiyo ndo komandi itakayokopiwa kwanza siku mtu amebanwa.

Kwanza nimpe haki yake. Alivyosisitiza terminali yuko sahihi. Kuna watu wanadhani hizi programu za madirisha za kusimamia databesi zinatosha, pgAdmin, phpMyAdmin na wenzake, lakini hizo zote ni wateja tu, zinaongea na seva ambayo tayari iko hai. Seva ikilala zinakuambia haziwezi kuunganisha, basi, zimeishia hapo. Na seva nyingi hazina hata skrini, unaingia kwa SSH, yaani kupitia mtandao kutoka mashine nyingine, unakuta mstari mmoja unakusubiri uandike. Kwa hiyo komandi lazima uzijue, hilo halina ubishi. Shida yangu ni kwamba mafundisho tunayopeana karibu yote yamekaa upande wa kuwasha, wakati kuwasha ndo kazi nyepesi: unaandika pg_ctl start (pg_ctl ni komandi ya PostgreSQL ya kuwasha na kuzima seva), unataja folda ya data kwa -D na faili la logi kwa -l, au systemctl start postgresql kama uliiweka kwa pakiti za kawaida za Linux, ikikubali imekubali, ikikataa inaandika kwenye logi kwanini imekataa. Kuzima ndo kuna maamuzi ndani yake na hakuna anayeyafundisha.

Tuangalie nini kinaendelea databesi ikiwa hai. PostgreSQL sio prosesi moja, yaani programu moja inayotembea, kuna prosesi mama ambayo wenyewe wanaiita postmaster, na kila mteja anayeunganisha anazaliwa mtoto wake mmoja wa kumhudumia, pamoja na watoto wengine wa kazi za ndani kama wale wa kuandika kwenye diski. Wote hao wanatumia kipande kimoja cha memori kwa pamoja na humo ndo kurasa za data zinabadilishwa kwanza. Mtu akikomiti muamala, yaani akithibitisha mabadiliko yake, kinachoandikwa diski papo hapo ni kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayoitwa WAL, kurasa zenyewe zinaweza kubaki memorini mpaka chekipointi ifike, yaani ule wakati wa kuziandika zote diski, na kwa mipangilio inayokuja nayo chekipointi inapita kila dakika 5, au mapema zaidi kama WAL imeongezeka sana. Sasa kuzima vizuri maana yake mama anawaambia watoto waondoke, kilichobaki memorini kinaandikwa chote kwenda diski, halafu inaachwa alama kwenye faili la udhibiti kwamba imezimwa salama. Hiyo alama unaweza kuisoma mwenyewe, endesha pg_controldata kwenye folda ya data uangalie mstari wa hali ya klasta, ukikuta shut down ilizimwa vizuri, ukikuta in production na hakuna prosesi yoyote inayotembea basi ilikufa vibaya na itahitaji kujirekebisha ikiwashwa.

Na kuzima kwenyewe kuna njia tatu, ndo hizi ambazo makala yenu haikuzitaja hata moja. Ya kwanza ni pg_ctl stop -m smart, hii inakataa wateja wapya halafu inasubiri waliopo waondoke kwa hiari yao. Ukisikia hivyo unaona huo ndo ustaarabu, mpaka ukumbuke kwamba wateja wa siku hizi sio watu, ni programu za wavuti zinazofungua koneksheni zake kadhaa mwanzoni na kuzishikilia siku zote, kwa hiyo smart inasubiri mgeni ambaye hana mpango wa kuaga. Baada ya sekunde 60 pg_ctl inachoka kusubiri inakurudishia ujumbe kwamba seva haijazima, na kumbe agizo la kuzima bado liko pale pale, wateja wapya wanakataliwa, wa zamani wanaendelea, upande mmoja watumiaji wanalalamika mfumo umekufa upande mwingine unaona kabisa prosesi zipo. Admini anasema imegoma. Haijagoma, inafanya ulichoiambia! Na hapo ndo mkono unakwenda kwenye kill -9 wakati jibu lilikuwa kutuma tena pg_ctl stop -m fast, inaruhusiwa kabisa kutuma fast juu ya smart ambayo bado inasubiri.

Hiyo fast ndo ya kila siku. Inawakata wateja wote, miamala ambayo haijakomitiwa inarudishwa nyuma, chekipointi inaandikwa, seva inazima. Mpaka toleo la 9.4 kama hukutaja njia yoyote ulikuwa unapewa smart, ilipotoka 9.5 mwanzoni mwa 2016 chaguo la kawaida la pg_ctl likawa fast, kwa hiyo leo ukiandika pg_ctl stop bila maneno mengi uko salama, lakini maelezo ya zamani yamejaa kila kona na watu bado wanayafuata wakiamini databesi hii ni mbishi kuzima. Ya tatu ni immediate, hapo watoto wanatoka wote bila chekipointi, seva ikiwashwa inaanza kujirekebisha kutoka kwenye WAL kana kwamba umeme ulikatika. Hiyo ni ya dharura, mfano betri ya akiba inaisha na una sekunde chache tu mkononi.

Hapa kuna mtego ambao nawaomba mwandishi wenu auandike siku moja kwa herufi kubwa. Waliotoka kwenye Oracle, databesi nyingine, wamezoea kuingia sqlplus (terminali yake) kama sysdba (msimamizi mkuu) na kuandika shutdown immediate, na kule immediate ni njia njema tu, inarudisha nyuma miamala, inawatoa watu, inafunga salama. Kule kuna normal, transactional, immediate na abort, na ile mbaya ni abort. Sasa mtu huyo akihamia PostgreSQL anaandika pg_ctl stop -m immediate kwa mazoea akidhani ni kitu kile kile, kumbe hapa immediate ni ndugu yake abort ya kule, na immediate ya kule ndo fast ya huku. Jina moja, kazi tofauti kabisa, na wala seva haikuonyi inatekeleza tu. Huwa nashangaa kwanini hili halipo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mafunzo.

Turudi kwenye hiyo kill. Komandi ya kill sio lazima iwe ya kuua, inatuma ishara tu, na prosesi mama ya PostgreSQL inazielewa ishara hizo: SIGTERM ni smart, SIGINT ni fast, SIGQUIT ni immediate, na SIGHUP ni kusoma mipangilio upya. Namba ya prosesi mama iko mstari wa kwanza wa faili la postmaster.pid ndani ya folda ya data. Yani hata kama pg_ctl huioni popote kwenye mashine, kill -INT na hiyo namba inakuzimia databesi vizuri kabisa. Mwandishi wenu alikuwa na uwezo wa kuandika -INT badala ya -9, herufi mbili tu za ziada, na mi leo nisingekuwa naandika barua.

Niwe mkweli lakini, sitaki kutisha watu bure. Ukipiga kill -9 data iliyokomitiwa haipotei, mradi fsync, mpangilio unaohakikisha data imefika diski kweli, hukuizima na diski yako haikudanganyi, WAL ipo kwa ajili ya siku kama hiyo. Ubaya uko kwenye yanayofuata. Ishara namba 9 haikamatwi na prosesi yoyote, kwa hiyo mama anakufa bila kuwaambia watoto chochote na memori ya pamoja haiachiwi kwa utaratibu wake, mtoto aliyekuwa katikati ya hoja (query) ndefu anaweza kubaki anaendelea kuchapa kazi bila habari, na lile faili la postmaster.pid linabaki pale pale. Unataka kuwasha, seva inakataa inasema kuna memori ya zamani bado inatumika. Na sasa kile kinachofuata ndo kinaniogopesha kuliko yote, mtu anatafuta haraka haraka anaambiwa futa postmaster.pid, anafuta, anawasha, na kama wale watoto wa zamani bado wako hai unaweza kuwa na makundi mawili ya prosesi yanaandika kwenye mafaili yale yale bila kujuana. Hapo WAL haikusaidii, unarudi kwenye bakapu kama unayo. Kabla ya kugusa lile faili piga ps, inayoorodhesha prosesi, uhakikishe hakuna prosesi ya postgres hata moja ya folda hiyo, na zikiisha kweli mara nyingi hutahitaji hata kulifuta, seva inaligundua yenyewe kwamba limepitwa na wakati.

Na kuna wale wanaosema mi siui mama, naua tu yule mtoto anayekula CPU. Ukimpiga mtoto mmoja kill -9 mama anaona mmoja kafa ghafla, hana uhakika kaiacha memori ya pamoja katika hali gani, kwa hiyo anawakata wateja WOTE na kuanza kujirekebisha. Umetaka kumtoa mmoja umetoa watu wote kwenye mfumo. Ingia kwa psql, programu ya terminali ya kuongea na PostgreSQL, angalia pg_stat_activity uone nani anafanya nini na tangu saa ngapi, tumia pg_cancel_backend na namba yake kukatisha hoja, akiendelea tumia pg_terminate_backend kumtoa yeye peke yake, wengine hata hawatajua.

Kuna swali dogo mtu atauliza, je nikituma fast na bado inachukua muda? Mara nyingi inaandika chekipointi kubwa, au inamalizia kutuma WAL kwa seva pacha, ile inayobeba nakala ya seva kuu. Fungua logi usome. Mbinu moja nzuri ni kuingia kwa psql na kuandika CHECKPOINT kabla hujazima, kazi nzito inafanyika wakati watu bado wanahudumiwa na kuzima kwenyewe kunakuwa kufupi. Vile vile ikiwa inajirekebisha baada ya kufa vibaya, logi itasema haikuzimwa vizuri na urekebishaji unaendelea, pg_isready, komandi ya kuuliza kama seva iko tayari, nayo itakujibu kwamba inakataa koneksheni kwa sasa. Iache imalize. Kuna watu wanaiua tena hapo katikati kwa kukosa subira halafu inaanza upya urekebishaji ule ule.

Tena hata kama wewe mwenyewe hujawahi kuandika kill -9 maishani, inawezekana unaituma kila wiki bila kujua. Systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux anayeagizwa kwa systemctl, kwa kawaida inaipa huduma sekunde 90 za kuzima, zikipita inatuma SIGKILL, ndo hiyo hiyo namba 9, na ndo maana mfano wa faili la huduma ulioko kwenye maelekezo rasmi ya PostgreSQL unaweka muda wa kusubiri usio na mwisho. Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, ndo haina subira kabisa, docker stop inatuma ishara ya kuzima halafu baada ya sekunde 10 inaua. Imeji (kifurushi kilicho tayari) rasmi ya postgres imewekewa SIGINT ili angalau ipate fast, lakini databesi yenye kazi nyingi sekunde 10 hazitoshi, ongeza muda kwa -t. Wanaojitengenezea imeji zao wenyewe wengi hili hawalijui.

MySQL na MariaDB, databesi nyingine hizo, sitakaa sana. Kuzima ni mysqladmin -u root -p shutdown au systemctl stop, na kuna kigezo cha innodb_fast_shutdown ambacho kawaida kiko 1, ukiweka 0 inafanya usafi wote kabla ya kuzima na inaweza kuchukua muda mrefu, ukiweka 2 inazima kama vile imekufa. Kama inaendeshwa na mysqld_safe ujue ukiiua mysqld peke yake yule msimamizi wake anaifufua, nimewahi kuona mtu anashindana nayo anaua inarudi anaua inarudi. Pasiwedi usiandike hapo hapo kwenye komandi, itabaki kwenye historia ya terminali, andika -p tupu ikuulize. Na ukiacha nafasi kati ya -p na pasiwedi kwenye komandi ya mysql inadhani hilo ni jina la databesi, kwa hiyo umeshaivujisha na bado hujaingia. Halafu mysqladmin ping ikirudisha 0, yaani seva iko hai, haimaanishi pasiwedi yako ni sahihi, inarudisha hivyo hata ukikataliwa kuingia, hii inawachanganya sana wanaoandika skripti za kuangalia afya ya seva.

Jingine ni hii tabia ya kuristati, kuzima na kuwasha upya, kwa kila jambo. Ukibadilisha pg_hba.conf kumruhusu mtu mpya aunganishe hakuna haja ya kuzima chochote, pg_ctl reload inatosha, au SELECT pg_reload_conf() ukiwa ndani. Vinavyotaka kuristati kweli ni vichache, kama max_connections ambayo inakuja ikiwa 100 au shared_buffers (ukubwa wa memori ya pamoja), na huhitaji kubahatisha, jedwali la pg_settings lina safu inayoitwa context, ukikuta imeandikwa postmaster hicho kinataka kuristati, kingine chote tulia. Kuna na pending_restart inayokuonyesha nini umebadilisha na bado hakijaanza kufanya kazi. Nusu ya hizo ristati za usiku ambazo watu wanaomba ruhusa kwa mabosi wao hazikuwa na sababu.

Upande wa kuwasha nina mawili tu ya kumwongezea mwandishi. PostgreSQL haikubali kuwashwa na root, mtumiaji mkuu wa Linux, ni kwa makusudi, sio hitilafu, hamia kwenye mtumiaji wa postgres. Na ikilalamika kuhusu ruhusa za folda ya data usipige chmod 777, yaani kuifungulia kila mtu, kama wengi wanavyofanya, itakataa zaidi, inataka 0700 (mwenye folda peke yake), au 0750 (kundi lake nalo lisome) kuanzia toleo la 11. Mengine yote logi itakuambia, poti 5432 imeshikwa na mwingine, diski imejaa, umekosea neno kwenye mipangilio, ni kusoma tu mistari kumi ya mwisho.

Halafu kuna suala la kujua uko kwenye mashine ipi, hili hata wakubwa limewakuta. Tarehe 31 Januari 2017 injinia mmoja wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, alikuwa anahangaika na seva pacha iliyogoma kufuatana na seva kuu, akaamua kufuta folda ya data ya ile pacha ili aanze upya, kumbe terminali aliyokuwa nayo mbele yake ni ya seva kuu. Alipoizuia ilikuwa karibu imeisha, kwenye takriban gigabaiti 300 zilibaki kama 4.5. Bakapu za pg_dump, komandi ya kutoa nakala ya databesi, walizozitegemea zilikuwa hazifanyi kazi kimya kimya kwa sababu toleo la pg_dump lililokuwa linatumika ni 9.2 na databesi ilikuwa 9.6. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyopigwa masaa 6 kabla, ya hapo katikati yakapotea. Walieleza yote hadharani, mi nawaheshimu kwa hilo, na moja ya hatua walizojipangia ni kubadilisha maandishi ya mwanzo wa mstari wa terminali ili kila seva ionekane tofauti na nyingine. Ni kitu cha dakika mbili. Weka rangi nyekundu kwenye seva ya kazi na kijani kwenye ya majaribio, na kabla ya pg_ctl stop andika hostname usome jibu, usiitazame tu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu Mhariri ni kwamba toleo lijalo la safu hiyo iwekwe sahihisho, sio lazima liwe refu. Mstari wa kill -9 utolewe, uwekwe pg_ctl stop -m fast, na chini yake iandikwe kwamba immediate ya PostgreSQL sio immediate ya Oracle. Kama mwandishi anasisitiza kutumia kill basi aandike kill -INT. Na kwenye nakala iliyoko mtandaoni naomba mbadilishe pale pale kwenye komandi yenyewe, msiweke maelezo chini ya ukurasa, maana anayekuja kukopi hafiki huko chini.

Wenu,
Msomaji, admini wa databesi